Rangi nyeusi inatoka na ukungu mweupe kwenye modeli ya Ford 1932

Wakuu, habari zenu. Niko Kirumba, Mwanza. Naunda modeli ya plastiki ya Ford 1932, skeli 1:25. Madigadi nimeyatoa, na paa nimelikata na kulishusha milimita 4. Kazi ya wiki mbili, naipenda mno. Tatizo ni rangi. Nyeusi ya kopo la kupuliza inakauka na ukungu mweupe, hasa jioni baada ya mvua. Nimepiga msasa wa maji namba 1000, praima (rangi ya msingi), nikarudia mara mbili, bado. Tina ya gereji nilijaribu kwenye kipande cha mabaki, plastiki ikalainika, nikaacha.

Je, huu ni unyevu wa ziwa au napuliza nzito? Na nikipiga klia (vanishi isiyo na rangi) juu, ukungu utaondoka au nikwangue nianze upya?