Tupeane uzoefu: nani alikufundisha kusoma maua, miti na hali ya nyumbani?

Mkahawa_Masaka (mwanzilishi wa uzi)

Habari zenu ndugu wa Uganda na majirani wote mnaosoma hapa. Nafungua uzi huu kwa sababu naona elimu kubwa ya nyumbani inapotea bila mtu kuiandika. Sizungumzii uganga wala ndoto. Nazungumzia machale ya mama anayetazama mti, mtoto au wingu, akasema jambo, na jambo likawa. Mimi naamini machale hayo ni ujuzi kamili. Mtu ametazama kitu kimoja miaka na miaka mpaka jicho linajua kabla mdomo haujapata maneno. Natoa langu kwanza.

Sisi ni wakulima wa kahawa, aina ya robusta. Kiangazi kikikatwa na mvua nzuri, baada ya wiki moja hivi shamba zima linageuka jeupe, na harufu yake inafika hadi barabarani. Maua hayo hayakai, siku mbili tatu yameanza kukauka. Katika siku hizo Jjajja, mama mzaa baba, hakuruhusu mtu kuchoma takataka karibu na shamba, moshi usije ukafukuza nyuki. Alitembea peke yake kati ya mistari, anashika tawi, anatazama, anaenda lingine. Jioni anamwambia baba: karo ya mwakani ipo. Au: anza kutafuta ng'ombe wa kuuza. Kutoka ua hadi kahawa nyekundu ni miezi 9 hadi 11, kwa hiyo alikuwa anasoma hali ya nyumba karibu mwaka mzima kabla haijafika. Mvua kubwa ikipiga maua yakiwa wazi, chavua inaoshwa, na yeye tayari ameshapunguza hesabu.

Ila lililonigusa zaidi ni habari ya miche. Baba alikuwa na mti mmoja unaozaa sana, akataka kujaza shamba zima kwa vipandikizi vyake. Jjajja akakataa katakata. Alisema kahawa ni kama Waganda, haioi ndani ya ukoo wake, kila mstari lazima uwe na wageni. Akaenda kwa majirani kuomba miche tofauti tofauti, akaichanganya kwa mikono yake. Miaka mingi baadaye afisa wa kilimo akatueleza kwamba robusta haiwezi kujichavusha. Ua lake linahitaji chavua ya mti wa uzao mwingine, inayoletwa na upepo na wadudu, ndiyo maana wakulima wanahimizwa kupanda aina kadhaa pamoja. Jjajja hakuingia darasani hata siku moja. Alikuwa ameuona mti uliosimama peke yake nyuma ya nyumba, unachanua kupita yote na kuzaa kidogo, akaliweka hilo moyoni.

Haya, leteni yenu. Nani alikufundisha, na uliona nini? Dawa za majani tuziache, zinataka uzi wake.

BintiBombo

Asante kwa uzi huu, kaka. Mimi Mnubi wa Bombo, nimelelewa na habooba wangu, yaani bibi. Mbele ya baraza alikuwa na yale maua yanayolala mchana na kufunguka jioni, saa kumi hivi, mengine ya waridi, mengine ya njano, na pengine rangi mbili kwenye kichaka kimoja. Nyumba haikuwa na saa ya ukutani. Yakianza kufunguka, habooba anaweka kando tabaga, ile sinia ya kusuka, anayoishughulikia, anatia udhu, na mmoja wetu anawasha sigiri kwa ajili ya chai. Siku ya mawingu yalitangulia kidogo, naye alijua kulisawazisha hilo.

Sasa sikilizeni. Kwa kuwa alikaa hapohapo kila siku kwa saa ileile, ndipo alipotuona sote tukirudi shule. Alijua nani amechapwa, nani hakula mchana, nani ameanza kuogopa njia fulani. Siku moja alimshika mkono dada yangu mkubwa, akamwingiza ndani, wakazungumza muda mrefu. Kumbe kulikuwa na mtu mzima anayemvizia njiani kwa siku kadhaa, na dada alikuwa hajamwambia yeyote. Habooba aliona tu kwamba anapita upande wa pili wa maua, upande ambao hakuwahi kupita. Baba na wajomba wakalimaliza jambo hilo jioni ileile.

Watu walisema ana jicho la ajabu. Mimi nasema alikuwa na baraza, alikuwa na saa yake, na alitupenda kiasi cha kukumbuka kila mtoto anavyotembea.

Kasese_Mama3

BintiBombo umenitoa machozi. Mungu amrehemu habooba.

Langu ni la maboga. Nilipoolewa sikujua kitu cha shamba, nimekulia mjini. Mama mkwe akanipeleka asubuhi na mapema kuchuma maua ya maboga ya kuchanganya kwenye mboga, akanionyesha kuwa maua si mamoja. Lile lenye kikonyo kirefu chembamba ni dume, chuma. Lile lenye kiboga kidogo chini yake ni jike, ukilichuma umekula boga la familia. Madume ndiyo yanayotangulia kutoka, kwa hiyo mgeni akiona maua yanaanguka bila kuzaa asikate tamaa, majike yanakuja. Na madume usiyamalize, bakiza ya kazi. Ua linafunguka alfajiri, kabla ya adhuhuri limeshafumba. Asubuhi ikiwa ya baridi na manyunyu, nyuki hawaji, basi yeye alichuma dume moja, akalimenya, akaligusisha katikati ya jike kwa mkono wake. Mavuno yetu yalikuwa yanaonekana kwa majirani wote.

Asubuhi moja ameinama vivyo hivyo, akasema bila kunitazama: "Hili lina tumbo, na wewe pia." Nilikuwa sijui! Sikuwa hata nimeanza kuhesabu. Nilipomuuliza amejuaje, akasema juma zima nimekuwa nikihama upande wa upepo kila anapochemsha samaki wakavu wa Ziwa George, na zamani nilikuwa wa kwanza kuonja mchuzi. Mtoto huyo sasa ndiye anayenichagulia maua ya kuchuma.

Elgon_Juu

Nimesita kuandika, ila mwanzilishi amesema kweli, haya mambo yasipoandikwa yanakwenda.

Sisi ni wa Bududa, upande wa Mlima Elgon. Tangu tarehe 1 Machi 2010, maporomoko yalipofunika kijiji cha Nametsi pamoja na zahanati yake, hakuna nyumba huko isiyotazama mlima kwa hofu. Lakini kutazama kwa hofu na kutazama kwa kujua ni vitu viwili, na kukhu wangu, yaani bibi, alikuwa wa kutazama kwa kujua.

Kwenye mpaka wa shamba letu palikuwa na mti wa maua mekundu, ule unaochanua kiangazi ukiwa hauna majani hata moja, Waganda wanauita ejjirikiti. Kila Januari na Februari ulikuwa unawaka, ndege wadogo wa kunyonya maua wamejaa. Kukhu aliupenda, alikuwa anaketi mlangoni pa jikoni akiutazama. Mwaka mmoja akasema: maua yamehama. Tukadhani uzee. Akarudia. Zamani, akiwa pale mlangoni, tawi la juu lilikuwa linakaa sawasawa na pembe ya nyumba ya jirani. Sasa limeshuka upande wa mto. Mjomba akaenda kuangalia, akakuta shina limeinama na nyuma yake ardhi ina ufa, mwembamba, unaokatiza mteremko wa kilima kama kamba ndefu. Kukhu akauliza swali moja tu: chemchemi ikoje? Watoto wakasema maji yamekuwa ya udongo tangu wiki iliyopita, na hakukuwa na mvua.

Hakulala pale tena. Alifunga godoro, kuku na sufuria, akaenda kwa shangazi ng'ambo ya kijito, chini kwenye tambarare ndogo. Wajomba walilalamika, nyumba ilikuwa na bati jipya. Akawaambia bati linabebeka. Mama yangu ndiye aliyeamua, akasema sisi tunamfuata kukhu, anayebaki abaki. Mwishowe wote tukahama, na wanaume wakawa wanarudi mchana tu kuhudumia migomba.

Mvua zilipoanza, usiku mmoja kilima kikashuka. Kilichukua jiko, zizi, nusu ya kahawa na ule mti. Hakukuwa na mtu ndani.

Nakawa_Ndege

Pole sana, ndugu Elgon. Kukhu yupo bado?

Elgon_Juu

Amelala, Mungu amweke pema. Alizikwa pale kwa shangazi, ng'ambo. Baadhi ya majirani zetu wa zamani wako Kiryandongo, walipewa ardhi huko baada ya 2010. Wengine walirudi mlimani, kwa sababu kahawa na makaburi ya wazee viko huko. Siwalaumu.

Mwalimu_Arua

Nawaheshimu wote waliotangulia, na naomba nilete upande mwingine. Dalili za wazee zilijengwa juu ya misimu iliyokuwa na adabu. Siku hizi mvua inakuja mapema, inanyesha siku chache, inakatika wiki kadhaa, na aliyekimbilia kupanda mtama kwa sababu mti fulani umechanua anapoteza mbegu. Nimeona jirani zangu wakilia.

Baba yangu hakuamini dalili moja. Mvua ya kwanza ikinyesha na kila mtu akikimbia shambani, yeye alipiga jembe mahali pamoja, akaingiza mkono kuona unyevu umeshuka mpaka wapi. Udongo wa chini ukiwa bado mkavu, anafunga mbegu na kurudi kivulini. Siku hizi nami nafanya hivyohivyo, na juu yake nasikiliza utabiri rasmi wa hali ya hewa wa msimu, ambao husomwa hata redioni kwa lugha zetu. Nikiona utabiri na udongo vinasema jambo moja, napanda. Vikipingana, nangoja.

Mkahawa_Masaka

Mwalimu, hapo hatupingani hata kidogo. Jjajja naye hakusoma ua peke yake. Alisoma ua, nyuki, mvua na mfuko wa baba kwa pamoja. Ukitazama hadithi ya Elgon utaona kukhu aliuliza habari za chemchemi kabla ya kufunga godoro. Dalili moja ilimwamsha, ya pili ikampa uamuzi. Naomba wanaosoma walishike hilo kuliko habari ya mti wenyewe.

Fundi_Bwaise

Sisi wa mjini Kampala tuna muzigo mmoja, yaani chumba kimoja cha kupanga, na mtaro mbele. Mama anapanda maua kwenye madebe ya rangi. Sisimizi wakianza kupanda ukutani wamebeba mayai, anainua madebe juu ya ukuta, anainua godoro juu ya meza, na anatuambia tusiache simu sakafuni. Bwaise mnaijua ikifurika. Mara nyingi amepatia kuliko kukosea, na siku aliyokosea tulipoteza nusu saa tu ya kupanga vitu.

WaridiEntebbe

Nafanya kazi kwenye shamba la maua ya kusafirishwa, huku kando ya ziwa. Kazi yangu ni kukata waridi. Ua lazima likatwe likiwa tumba, wakati yale majani madogo ya kijani yanayolifunika yameanza kulegea na kushuka. Ukiwahi, halitafunguka kamwe. Ukichelewa, litafika Uholanzi limeshachoka, na mnunuzi atalikataa. Ndani ya grinhausi huna muda wa kufikiri, mkono lazima ujue.

Nilipoanza, wengi walichukua muda mrefu kuzoea. Mimi mkono ulijua mapema, nikajiuliza kwa nini. Nimekuja kuelewa kwamba ni mama. Alikuwa anatuketisha na ungo wa maharagwe, tunachambua yaliyotobolewa huku tunapiga hadithi, bila kutazama sana, na vidole vinatupa lililo jepesi. Alikuwa haelezi. Alikuwa anarudisha tu harage baya mkononi mwako uliguseguse tena mpaka uelewe.

Sasa nina binti wa darasa la nne. Likizo hii nimenunua maharagwe yasiyochambuliwa makusudi, ingawa ya kwenye mfuko yanapatikana. Ananung'unika, lakini anakaa.

Nakawa_Ndege

Ndugu Elgon, naomba urudi. Kaka yangu ameoa Sironko, hukohuko Mlima Elgon, ameanza kujenga kwenye mteremko kwa sababu ardhi ya chini ni ghali. Nimwambie asome nini pale kilimani? Nataka kumpigia leo.

Elgon_Juu

Mpigie. Mwambie kwanza akae na wazee wa pale, awaulize kilima kiliwahi kushuka wapi, kwa sababu mara nyingi kinashuka tena karibu na palepale. Atazame miti mikubwa: shina lililopinda chini na kunyooka juu linaonyesha udongo unatembea polepole. Atazame ufa ardhini na kwenye kuta, milango inayoanza kukwama, chemchemi inayobadilika rangi, inayokauka ghafla au inayotokea mahali papya. Asikate miti ya juu ya nyumba, na asichimbe sana mteremko ili kupata kiwanja, hapo ndipo wengi wanapouamsha mlima. Achimbe mifereji ya kupeleka maji pembeni. Na waelewane na mkewe tangu sasa nyumba ya kukimbilia ni ya nani, ili mvua ikinyesha siku mfululizo wasianze kubishana usiku na watoto wamelala. Kama atataka kuja kuona pale kwetu palivyokuwa, nitampeleka mwenyewe.