Mafundi wa Mtwara na Lindi, acheni kufunga injini na frosti plagi zilizooza!

Wakuu, hili sasa limezidi. Injini imeshushwa, imefunguliwa yote, silinda zimechongwa, pistoni na ringi mpya, mwenye gari kalipa ovaholi kamili. Halafu frosti plagi zenyewe, vile visahani vya bati vinavyoziba matundu ubavuni mwa bloku (mwili wa injini), vimeachwa vilevile, vimepuliziwa rangi ya fedha ving'ae! Msimu wa korosho ukianza, pikapu inapanda Newala na magunia, maji yanatokea nyuma ya injini, inachemsha, silinda hedi inapinda. Kazi yote imeharibiwa na kibati cha bei ndogo kuliko gaskiti.

Na msituambie "frosti plagi ni za nchi za baridi, huku hakuna barafu, hizo hazina kazi". Matundu yale hubaki kiwandani bloku inapomiminwa. Humo ndimo unatolewa mchanga uliotengeneza njia za maji. Kisahani ni kizibo cha maji, na kwa kuwa ni chembamba kuliko ukuta wa bloku, kutu humaliza hicho kwanza. Inakula kutoka ndani. Nje unaona rangi safi, lakini ukigusa kwa ncha ya bisibisi inazama na tope jekundu linachuruzika. Ukiwa unajaza rejeta maji ya visima vya chumvi vya huku pwani, unaiongezea kasi.

Kutoa kwenyewe mnakosea. Mnapiga katikati kwa nguvu, kinadumbukia ndani, mnakiacha humohumo! Kinaziba njia ya maji, na ukuta wa silinda uko karibu sana, ukiugonga unaweza kupasuka. Piga ukingo mmoja kwa tindo butu mpaka kisahani kigeuke ubavu, kamata kwa plaizi, vuta. Tundu likiwa wazi, chokonoa tope kwa waya, hasa kuzunguka silinda ya nyuma ambako hutuama, kisha suuza kwa mpira wa maji mpaka yatoke meupe.

Halafu saizi. Pima tundu kwa venia, kile kipimo cha taya mbili, acheni kukadiria kwa macho dukani. Kisahani kinatakiwa kuwa kikubwa kidogo kuliko tundu, kiingie kwa kubanwa. Kikiingia kwa kidole, rudisha dukani. Kujaza nafasi kwa silikoni ni wizi, maana Toyota nyingi za zamani mfuniko wa rejeta una alama ya 0.9, yaani presha ya karibu bar 0.9, na hicho kisahani kitaruka tu. Vikipatikana vya shaba njano, chukua hivyo, havishiki kutu.

Safisha tundu kwa msasa laini kwa kuzungusha. Mkwaruzo unaotoka ndani kwenda nje ni mfereji wa maji. Futa likauke, paka gamu ya kuzibia kidogo ukingoni. Kwa kisahani chenye umbo la kikombe, tafuta soketi inayokaribia kujaza kikombe chote, gonga taratibu kiende sawa, mpaka ukingo upite ile kona ya mdomo wa tundu iliyokatwa mshazari kwa milimita 1 hadi 2. Cha kugongwa katikati ni kile kilichobinuka kama mfuniko, kinachokaa kwenye tundu lenye ngazi. Cha kikombe ukikigonga katikati kinabonyea, ukingo unalegea, na umekwisha kiharibu.

Kupima kufanyike injini ikiwa bado juu ya stendi. Hedi na wota pampu zikishafungwa, ziba midomo ya hosi, jaza maji, tia presha ileile ya mfuniko wa rejeta, iache dakika 15. Sindano ya geji ikishuka, tafuta panapotoka. Mkisubiri mpaka injini irudi garini, kisahani cha nyuma ya fulaiwili (lile gurudumu zito kati ya injini na giaboksi) kikivuja, giaboksi lishuke upya, na gharama mnamtupia mteja. Kisha kulanti, yaani dawa ya maji ya kupozea injini, nusu kwa nusu na maji ya betri yasiyo na asidi, ibadilishwe kila miaka 2.

Wenye magari, msilipe kabla hamjawekewa visahani vya zamani mezani, vyote, mvihesabu na matundu ya bloku. Fundi akileta vinne na bloku ina saba, vitatu bado viko ndani, na kimojawapo bila shaka ni kile cha nyuma ya fulaiwili.