Chesisi ya Morris Minor ya mizigo iliyoliwa na kutu: viraka, zinki au kuunda upya?

Mwanzilishi wa mada, Tabata

Ndugu wadau, salaam. Nimerithi kwa marehemu baba mkubwa gari la mizigo la Morris Minor, lile lenye boksi la bati nyuma, ambalo lilisambaza mikate Ilala kwa miaka mingi na baadaye likaegeshwa uani kwake Kigamboni chini ya mwembe. Kwa wasiolifahamu, Morris Minor ya saluni, iliyozinduliwa mwaka 1948, haina chesisi ya kujitegemea, yaani fremu ya chuma ya chini, kwa kuwa bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Lakini magari ya mizigo ya jamii hiyo, yaliyoanza kutoka mwaka 1953, yalipewa chesisi yake na bodi ikafungwa juu kwa bolti. Ndiyo maana nathubutu kufikiria kuitenganisha.

Injini, ile ya sentimita za ujazo 1,098, inawaka vizuri. Tatizo liko chini. Nililala chini ya gari na nyundo ndogo nikawa nagonga mhimili mmoja baada ya mwingine: mbele chuma kinalia kama kengele, ila nikifika karibu na springi za nyuma mlio unakuwa kama wa papai bivu. Bisibisi ilipenya bila kusukumwa. Kwenye tundu hilo yakamwagika magamba ya kutu, membamba kama maganda ya kitunguu, yakifuatwa na mchanga mweupe wenye vipande vya kombe. Kumbe mzee alikuwa akiliendesha ufukweni kufuata samaki, jambo ambalo hakuna aliyewahi kutuambia nyumbani.

Nimepewa njia tatu. Fundi wa kwanza anasema achomelee viraka bodi ikiwa mahali pake, kazi ya siku tatu. Wa pili anataka kuinua bodi, kukata sehemu mbovu, kupuliza mchanga wa kung'oa kutu na kupaka rangi. Wa tatu anashauri chesisi yote ichovywe kwenye zinki. Naomba mnilinganishie.

Mchangiaji wa pili, fundi wa kuchomelea, Gerezani

Kaka, pole na hongera kwa pamoja. Naijua kazi ya viraka kwa sababu nimeifanya mara nyingi, na nitakueleza ubaya wake ingawa inanipa mkate. Mhimili wa chesisi ni boksi, na kutu uliyoiona imeanzia ndani ikitoka nje. Nikichomelea bati la milimita mbili juu ya ukuta uliobaki na unene wa karatasi, ninachomelea kitu kizima juu ya kitu ambacho hakipo. Moto unatoboa, fundi anajaza, na kinachobaki ni uvimbe unaopendeza ukishapakwa rangi nyeusi. Kati ya kiraka na chuma cha zamani unabaki upenyo, maji ya masika yanaingia, na baada ya mvua mbili tatu unarudi kwangu.

Kiraka halali ni kile kinachowekwa baada ya kukata kutu yote hadi kufikia chuma kinachong'aa, kisha kipande kipya kikaingia pale palipokatwa, ukingo kwa ukingo. Bodi ikiwa juu yake, ukuta wa juu wa boksi hufikiwi. Hapo ndipo zile siku tatu zinapokuwa uongo.

Ukiamua kuinua bodi, usikubali iinuliwe kabla ya kuchomelewa vyuma vya kushikilia kwenye uwazi wa milango, la sivyo ikirudi milango haitafunga. Na kabla ya kukata chochote kwenye chesisi, pima mshazari kutoka tundu la bolti la kushoto mbele hadi la kulia nyuma, halafu kinyume chake, uandike. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, gari litatembea upande kama kaa.

Mchangiaji wa tatu, mhandisi wa metali, Mikocheni

Naunga mkono hoja ya fundi, nami niongeze upande wa zinki, maana watu huisifu bila kueleza inavyofanya kazi. Zinki hulinda chuma hata ikikwaruzwa, kwa sababu huliwa yenyewe kabla ya chuma. Faida yake kubwa kwa chesisi ya boksi ni kwamba inaingia ndani, mahali ambapo bunduki ya rangi haifiki. Kwa hewa ya chumvi ya Dar es Salaam hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, chesisi huoshwa kwanza kwa asidi, kisha huzamishwa kwenye zinki iliyoyeyushwa kwa nyuzi joto takriban 450 za Selsiasi. Boksi lililozibwa, likiwa na unyevu ndani, linaweza kulipuka ndani ya tangi, kwa hiyo ni lazima yatobolewe matundu ya kutolea hewa na ya kumwagia zinki. Bati jembamba linaweza kupinda kwa joto hilo. Zaidi ya hayo, asidi hubaki kwenye maungio yaliyolaliana na baadaye huchuruzika polepole, hivyo chesisi yenye viraka vya juu kwa juu ndiyo isiyofaa kabisa kuchovywa. Kazi zote za kuchomelea ziishe kabla.

Akija fundi baadaye kuchomelea chuma chenye zinki, aondoe zinki kwa grainda na afanyie kazi mahali penye upepo. Moshi wake huleta homa na kutetemeka jioni ile ile, na maziwa tunayopeana karakana si kinga.

Mchangiaji wa nne, mwenye Land Rover ya zamani, Kigamboni

Mnasahau kitu cha kwanza: chumvi. Mimi chesisi yangu niliipuliza, nikaipaka praima safi ya epoksi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na ndani ya mwaka mmoja rangi ikaanza kuvimba malengelenge. Sababu ilikuwa maji. Tuliiosha kwa maji ya kisima cha nyumbani, ambayo kwa huku kwetu ukiyaonja unadhani yametiwa chumvi ya mchuzi. Safari ya pili nilinunua maji ya bomba yasiyo na chumvi, nikaingiza mpira ndani ya boksi na kuosha hadi yanayotoka yakawa safi, nikaacha likauke juani, ndipo nikapuliza.

Jingine ni muda. Chuma kilichopulizwa asubuhi, kwa unyevu wetu, jioni kimeshaanza rangi ya chungwa. Praima iwe imeshachanganywa kabla kompresa haijazimwa. Na anayepuliza asitumie mchanga wa mtoni akiwa amejifunga leso usoni; vumbi lake huharibu mapafu moja kwa moja.

Mchangiaji wa tano, mstaafu, Temeke

Wanangu, sisi tulipulizia oili chafu na magari yakadumu.

Mchangiaji wa tatu, mhandisi wa metali

Shikamoo mzee. Ndani ya boksi oili ilisaidia kweli, kwa kuwa inazuia hewa na maji. Ila inalainisha bushi za mpira na kuchafua ardhi. Siku hizi ipo nta inayopulizwa ndani kwa mrija mrefu. Inafanya kazi ile ile na haidondoki sana.

Mwanzilishi wa mada

Nimewasoma wote. Viraka nimeviacha. Zinki nayo nimeiweka kando, kwa sababu mihimili ya mbele bado ina maungio yaliyolaliana tangu kiwandani na sitaki asidi ibaki humo, hasa karibu na fimbo za msokoto zinazobeba magurudumu ya mbele. Wazo la kuunda chesisi nzima upya nimeambiwa pia, lakini namba ya chesisi ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari, na sina hamu ya kwenda TRA, mamlaka ya mapato, kueleza gari limezaliwa mara mbili. Kwa hiyo bodi itainuliwa, sehemu ya nyuma itakatwa na kuundwa upya, kisha itaoshwa, itapulizwa, itapakwa epoksi nje na kutiwa nta ndani. Vuli ikikatika, nianze. Fundi wa Gerezani, nikuletee lini?

Mchangiaji wa pili, fundi wa kuchomelea, Gerezani

Jumamosi yoyote, kaka, tuweke miadi. Ila lije bila tanki la petroli, bila paipu za breki na betri ikiwa imefunguliwa. Usiniambie tanki ni tupu. Tupu lenye mvuke ndilo ninaloliogopa kuliko lililojaa.