Mrejesho: Tumehamia kwa mtoa huduma mpya wa wingu

Ndugu wataalamu, salaam. Mwezi uliopita niliwaomba ushauri wa namna ya kuhamisha mfumo wetu wa tiketi za mabasi kutoka kwa mtoa huduma mmoja wa wingu (anayekodisha seva kupitia intaneti) kwenda kwa mwingine huku wateja wakiendelea kuutumia, nami narejea kuwajulisha kwamba, kwa kiasi kikubwa, tumefanikiwa.

Nilifuata ushauri wa kushusha TTL (muda ambao kompyuta nyingine hukumbuka anwani yetu kabla ya kuiuliza upya) ya rekodi za DNS, yaani orodha inayounganisha jina la tovuti na anwani ya seva, kutoka sekunde 86400 hadi 300 siku mbili kabla, na ule wa kuiacha PostgreSQL (hifadhidata yetu) mpya ipokee mabadiliko ya ile ya zamani mfululizo, badala ya kutegemea nakala ya usiku mmoja. Saa nane usiku tulizuia uandishi kwenye hifadhidata ya zamani, tukahakikisha mpya imeifikia, kisha tukageuza anwani ya DNS ielekee kwenye seva mpya. Mauzo yalisimama kwa dakika 6.

Tulipoteleza ni hapa: unakili tulioutumia (logical replication, unaopeleka mabadiliko ya data) haukuhamisha vihesabio vinavyotoa namba za tiketi, kwa hiyo tiketi ya kwanza ilijaribu kuchukua namba 1, ikakataliwa kwa kuwa ilikwishatumika. Mlinionya, nikasahau. Amri ya setval, inayoweka kihesabio kwenye namba unayotaka, kwa kila jedwali ilimaliza tatizo hilo. Malipo ya simu nayo yalikwama hadi asubuhi, kwa sababu sikuwa nimewapelekea wenzetu wa malipo anwani mpya ya IP (namba inayotambulisha seva mtandaoni) ili wairuhusu.

Seva za zamani bado zinawaka, zikipitisha maombi ya vifaa vinavyong'ang'ania anwani ya awali; nitazizima yatakapokoma. Ahsanteni sana.