Naomba ushauri: neno "run" la Kiingereza linanitoa jasho

Habari zenu wanajukwaa. Najifunza Kiingereza mwenyewe, na nimekwama kwenye neno hili moja. Nilijua ni kukimbia, basi. Kumbe mtu aki-"run" biashara anaiendesha, aki-"run" kwenye uchaguzi anagombea, pua iki-"run" inachuruzika kamasi, na aki-"run out" of pesa ameishiwa! Kamusi kubwa ya Oxford inahesabu maana zaidi ya 600 za kitenzi hiki peke yake.

Nilianza kukariri orodha, nikafika kama ya thelathini hivi, wiki iliyofuata nimebaki na tano. Nikajaribu kubahatisha kwa muktadha. "Run into" rafiki nikaelewa kamgonga, kumbe wamekutana tu kwa bahati.

Najua nasi tuna "piga" yetu (simu, pasi, picha, kura, mswaki), ila hiyo sikumbuki kuikariri popote.

Naombeni msaada: nitafute wazo moja linalounganisha maana hizi, au nijifunze kila moja pamoja na neno linaloandamana nalo? Na kwa mtu wa kiwango cha kati, nianze na maana zipi?