Oksidi ya nikeli kwa majani ya mwarobaini: sensa ya sukari na supakapasita, niendelee au nibadili topiki?

MwakaWaMwisho
Wakuu habari za muda huu. Niko mwaka wa mwisho kemia, sapavaiza wangu anataka nitengeneze chembe nano (ndogo sana, za nanomita) za oksidi ya nikeli kwa kutumia maji ya majani ya mwarobaini halafu nizipime kwa mambo mawili, kwanza kama sensa ya sukari ya damu isiyotumia kimeng'enya, pili kama supakapasita, yaani kifaa cha kutunza umeme na kuutoa haraka. Nimesoma pepa mpaka macho yanauma na kila moja inasema ya kwake ndo kiboko, sasa najiuliza kama ni rahisi hivyo mbona ukienda duka la dawa stripu za sukari bado ni za kimeng'enya na bei yake imechangamka? Pia potenshiostati ya idara, ile mashine ya kupandisha volteji na kupima mkondo, ni moja na foleni yake kama ya mwendokasi saa kumi na moja jioni. Mwenye uzoefu anishauri mapema kabla sijanunua kemikali. Kejeli hapana tafadhali.

KutuLaKijani
Mkuu endelea ila punguza ahadi kwenye proposo. Hilo swali lako la stripu ndo lenye nyama, wengi wanalikwepa.

Iko hivi. Oksidi ya nikeli ukiiweka kwenye kostiki soda, kawaida 0.1 M ambayo pH yake ni 13, ukapandisha volteji, nikeli ya namba mbili (iliyopoteza elektroni mbili) inageuka ya namba tatu, yaani NiOOH. Hiyo ndo inayoikwapua glukosi elektroni kisha yenyewe inarudi namba mbili, inapandishwa tena, na mkondo unaouona kwenye skrini unaongezeka kadri sukari inavyoongezeka. Grafu inanyooka vizuri mpaka raha. Sasa damu ya mtu ina pH ya 7.4, hidroksidi ya kuendesha huo mzunguko hakuna, kwa hiyo ukitumbukiza elektrodi yako humo ishara inafifia vibaya. Utasema basi nachanganya damu na kostiki kwanza, sawa, lebu inawezekana, ila bibi anayejipima mwenyewe alfajiri kabla ya chai utampa chupa ya kostiki?

La pili ni uchaguzi. Glukosi oksidesi, kile kimeng'enya kilichotumika tangu elektrodi ya kupima sukari ya Clark na Lyons ya 1962, kinaitambua glukosi na fruktosi kinaiacha. Nikeli haina ubaguzi huo, ukiipa fruktosi inakula, ukiipa pombe inakula, vitamini C ndo usiseme. Wenye pepa wanakwambia "tumejaribu na asidi ya uriki haikusumbua" halafu fruktosi hawajaigusa kabisa. Wewe iguse. Ikiharibu matokeo, andika imeharibu, panelisti mwenye akili atakuheshimu kuliko yule wa grafu iliyonyooka.

MwakaWaMwisho
Ahsante sana mkuu, umenifungua. Ila sapavaiza anasema nguvu ya projekti iko kwenye mwarobaini, kwamba viini vyake vya dawa vinakaa juu ya chembe na kuzifanya salama kwa mwili. Hapo vipi?

KutuLaKijani
Unazichoma kwa digrii ngapi?

MwakaWaMwisho
400 masaa mawili.

KutuLaKijani
Basi muulize kwa adabu, shikamoo ikitangulia, ni kiini gani cha jani kinachobaki baada ya kukaa hewani kwenye tanuru la 400 masaa mawili. Kinachobaki ni majivu, potasiamu kidogo, kalsiamu kidogo, labda mabaki ya kaboni. Majani yanaweza kusaidia kabla ya hapo, yanazuia chembe zisigandane zikiwa bado hidroksidi, hilo sikatai. Ila ili ujue kama yamesaidia tengeneza na sampuli nyingine kwa chumvi ileile ya nikeli na kostiki tu, bila jani, choma joto lilelile muda uleule, pima zote mbili. Bila hiyo huna la kusema kuhusu mwarobaini hata ukiwa na XRD (kipimo cha fuwele kwa miale ya X) ya rangi zote. Na kwenye XRD usije ukaandika "saizi ya chembe" kutoka formula ya Scherrer, ile inakupa saizi ya fuwele, chembe moja inaweza kuwa na fuwele nyingi zimeshikana.

DadaVolti
Nimechelewa, niongelee supakapasita kwa sababu hapo ndo kuna usanii mwingi.

Mdogo wangu, ukifanya saiklik voltametri, yaani kupandisha na kushusha volteji huku ukichora mkondo, ya oksidi ya nikeli kwenye KOH (hidroksidi ya potasiamu) utaona vilima viwili, kimoja cha kupanda kimoja cha kushuka. Hiyo ni tabia ya betri. Kapasita inatoa umbo linalokaribia mstatili, kama oksidi ya rutheniamu au ya manganisi kwenye maji ya chumvi isiyo kali. Kwa hiyo kuripoti farad kwa gramu hapa ni kupaka rangi, andika kulombu kwa gramu au mAh kwa gramu. Hesabu ni ya kwenye daftari, elektroni moja kwa kila nikeli, 96,485 (kulombu za moli moja ya elektroni) gawa kwa 74.69 (gramu za moli moja ya NiO) unapata kama kulombu 1,292 kwa gramu. Ile 2,584 ya farad unayokutana nayo kila pepa ni hiyohiyo 1,292 imegawiwa kwa dirisha la volti 0.5, punguza dirisha uone namba inavyonenepa bila kitu chochote kubadilika.

Halafu sponji ya nikeli, ile wanayoitumia kubebea poda kwenye elektrodi. Unapaka miligramu moja ya poda yako juu ya sponji ambayo yenyewe ina makumi ya miligramu za nikeli kwa kila sentimita ya mraba, na uso wake nao una oksidi inayofanya kazi ileile. Pima sponji tupu kwanza, siku hiyohiyo, KOH hiyohiyo, na uiweke kwenye grafu moja na yako. Kuna watu grafu zao zikitolewa sponji hakibaki kitu. Tumia kaboni kama unaweza kupata.

Ila mimi ningekuwa wewe ningeacha hii ya pili kabisa. Topiki mbili na potenshiostati moja ni kujitafutia presha.

MtuWaKolwezi
Jambo bandugu, miye niko Kolwezi, Kongo, kwenye migodi ya kobalti. Munasahau oksidi ya metali iliyobadilisha dunia, ile ya lithiamu na kobalti, na kobalti nyingi inatoka kwa udongo wa huku: kundi la Goodenough pale Oxford mwaka 1980, Sony ikaingiza betri sokoni 1991, Nobeli 2019. Na poda ya ile betri hawaifanyi nano, ni mikromita kadhaa, mara nyingi karibu 10, kwa sababu chembe ikiwa ndogo sana uso unakuwa mwingi na uso mwingi unagombana na elektroliti. Nano si dawa ya kila kitu. Na huku tunabakiwa na vumbi, lakini hayo ni maneno ya siku ingine.

NesiWaZamu
Niko upande wa hospitali, naongeza moja tu. Hiyo habari ya nikeli "salama kwa mwili" itoeni kabisa. Misombo ya nikeli iko kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu kwenye orodha ya IARC, shirika la utafiti wa kansa la WHO, hasa ikivutwa, na ngozi za watu wengi zinaikataa, tunawaona kila siku na hereni zao. Ukikausha hiyo poda vaa barakoa ya kueleweka, usifagie meza ikiwa kavu. Kama unataka oksidi nano inayoingia kwenye mshipa wa mtu kihalali tafuta habari za ya chuma, ferumoxytol, Marekani waliiruhusu 2009 kwa wagonjwa wa figo wenye upungufu wa madini ya chuma, na madaktari wa picha wanaitumia pia kwenye MRI. Na hata hiyo, iliyopita majaribio yote, 2015 iliwekewa onyo kali la mzio unaoweza kuua.

MwakaWaMwisho
Nimeelewa wakuu. Nabaki na sukari peke yake, naongeza sampuli isiyo na jani na naongeza fruktosi. Swali la mwisho, elektrodi ya kaboni ya glasi ya idara imekwanguka, mpya ni bei ya pikipiki nusu. Nafanyaje?

DadaVolti
Risasi ya penseli, ile grafaiti ya katikati. Chukua ya HB au ya penseli ya kubonyeza, funga nta au rangi ya kucha uache milimita chache chini, isugue kwenye karatasi ya kawaida mpaka ing'ae, suuza. Wanaitumia mpaka maabara kubwa. Badilisha kila baada ya kipimo, bei yake haikuumizi. Elektrodi ya rejea, ile ya kulinganishia volteji, nunua kipande kidogo cha waya wa fedha kwa sonara, fedha halisi, kilaze kwenye Jik mpaka kiwe cheusi cheusi, suuza, kiweke kwenye KCl ya 3 M ndani ya kibomba chenye kizibo cha kupitisha ayoni, usikitumbukize kwenye kostiki hivihivi utakuja kulia volteji zinatembea. Foleni ya potenshiostati, tafuta mchoro wa CheapStat, potenshiostati ya kujitengenezea, uko wazi tangu 2011, vifaa vyake vilikuwa chini ya dola 80 wakati huo. Kuna kijana yeyote wa elektroniki hapo chuoni?

MwakaWaMwisho
Yupo rumeti wangu, anarekebisha simu. Namuonyesha usiku huu.