Neno limelala Google Ads, nipandishe dau?

Wakuu habari, natangaza safari huku Arusha kwa Google Ads (matangazo ya kulipia ya Google), sasa neno la utafutaji nililoweka, "safari ya Ngorongoro siku 3 kwa vikundi vya kanisa" linasema utafutaji ni mdogo, halafu "kupanda Kilimanjaro" dau langu (bei ya juu ninayokubali kulipa kwa mbofyo mmoja) halifiki la kuonekana ukurasa wa kwanza wa Google, nipandishe yote au?

> Mkuu hizo ishu mbili tofauti. La kwanza watu hawaligugo, mfumo unalilaza mpaka walitafute, hata uweke dola 10 haliamki. Fupisha, "safari ya Ngorongoro" inatosha. La Kilimanjaro halijazimwa, linaingia mnadani, pale Google inaposhindanisha matangazo, ila linabanwa chini.

> Kabla hujamwaga hela cheki alama ya ubora, ile 1 mpaka 10 ya Google inayopima tangazo na ukurasa wako vinavyoendana na neno. Mtu anatafuta Kilimanjaro anabofya tangazo, kwenye ukurasa wako anakuta picha za fukwe za Zanzibar, hapo utalipa ghali kila siku. Na dau ni kikomo tu, mara nyingi unakatwa chini ya hapo.

> Kuna miongozo ya kizamani inasema pandisha dau neno liamke, achana nayo, ile sheria ya dau la chini kwa kila neno Google waliifuta 2008.

Nimewapata wakuu, naanza na kurekebisha ukurasa wangu basi.